Gauti ya kifundo cha mguu: msinikataze tena maharage

Nina gauti, maradhi ya viungo yanayoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, na kila aliyeniona nachechemea alikuwa na katazo lake. Acha maharage, acha choroko, acha mchicha, acha pweza. Ikafika hadi nashindia muhogo na chai ya rangi, na kifundo kikavimba vile vile. Maharage na mboga za majani hazina kosa. Vya kupunguza ni maini, figo, nyama nyekundu, dagaa na soda, na kwa anayekunywa, bia. Tena chakula ni sehemu ndogo tu ya mambo. Asidi hiyo ya yuriki, taka inayotoka kwa mkojo, kwa wingi wake mwili unaitengeneza wenyewe, na kwa wengi wetu figo ndizo zisizoitoa ya kutosha. Ikizidi, inaganda ndani ya kiungo ikawa chembe zenye ncha, na hupenda zaidi miguuni, ambako kuna ubaridi.

Kukandwa ndiko kulikonitesa kuliko maradhi. Shemeji yangu aliniletea mzee hodari, anayesifika hapa Wete kwa miguu iliyoteguka. Akachemsha maji ya chumvi, akachovya kitambaa, akanibandika, kisha akaanza kubonyeza kifundo kwa dole gumba huku akinisinga mafuta ya makonyo ya karafuu. "Stahamili mwanangu, damu mbovu inatawanyika." Damu mbovu haikuwepo. Kiungo kilichokwisha kuwaka kilizidishiwa moto na kusagwa juu yake. Usiku ule mguu uling'aa kwa wekundu, hata upepo wa feni nikawa siustahamili, seuze shuka.

Mke wangu ndiye aliyepata la kufanya. Alikwenda jikoni akaja na kawa, lile kubwa la kufunikia sinia, akalisimamisha juu ya mguu, shuka na chandarua vikapita juu yake bila kunigusa. Nikalala! Asubuhi akanunua barafu kwa wauza samaki, akaifunga kwenye kitambaa, akawa ananiwekea kama dakika 20, anaondoa, anarudia. Kawa lile mpaka leo liko uvunguni, na nimeshawafundisha majirani.

Kipimo cha kwanza cha damu nilifanya mguu ukiwa umewaka, nikaambiwa asidi iko sawa, hii baridi yabisi tu, nikapigwa sindano ya maumivu nikarudi nyumbani. Wakati wa shambulio asidi inaweza kushuka kwenye damu, ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya wiki 2 au zaidi mguu ukishatulia. Nilipopima tena ilikuwa imevuka miligramu 9 kwa desilita ya damu, na inatakiwa ishuke chini ya 6. Maabara nyengine huandika mikromoli, hapo angalia 360. Dakta aliyenielewa aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Baba, dawa gani ya presha unatumia?" Nilikuwa kwenye haidroklorothiazaidi, ile ya kukojoza, ambayo huzuia asidi isitoke. Akanihamishia kwenye losartani, inayoisaidia kutoka kidogo. Usijibadilishie mwenyewe, nenda ukaulize.

Akanipima figo, akanianzisha alopurinoli, dawa ya kushusha asidi, miligramu 100, akawa anapandisha kidogo kidogo kila kipimo kikija juu. Bei yake si ya kutisha, chini ya ninachotumia kwa vocha. Akaniongezea kolchisini, dawa ya kuzuia shambulio, kwa kiasi kidogo, kwa sababu chembe zinapoanza kuyeyuka mguu huweza kuwaka upya. Na uliwaka. Hapo watu wakanijia juu: hiyo alopurinoli ndiyo inayokuumiza, itupe! Sikuitupa, na nafurahi sana kwamba sikuitupa. Kinachotaka uiache mara moja na ukimbilie hospitali ni ukitokwa na vipele mwilini. Diklofenaki, vidonge vya maumivu, za kununua dukani kila siku nazo ziogopeni, zinakula figo na tumbo, khasa kwa wenye presha.

Ramadhani nakunywa maji kuanzia futari hadi daku, kwani mwili ukikauka asidi inapanda. Kidonge namezea futari.

Sasa napanda ngazi za ofisini bila kushika ukuta. Asidi iko chini ya 6 na napima mara mbili kwa mwaka. Pweza nala kwa kiasi. Alopurinoli naendelea nayo kila siku ijapokuwa mguu hauniumi, maana nikiacha asidi itarudi juu na chembe zitaanza kujengeka tena.