Siku Moja Maishani Mwangu: Kisanduku cha Tatu

Saa 11 alfajiri huwa nimeshakaa mezani. Wengi hudhani kazi ya mchora katuni za gazeti ni kuchora, ilhali uchoraji ndio sehemu nyepesi. Kazi hasa ni kutafuta jambo dogo ambalo wahusika wangu wangelisema wao wenyewe, kisha kulipunguza hadi msomaji alimalize kabla hajafunua ukurasa. Leo nilijaza kurasa tatu za daftari, nikazikata zote, nikarudi kwenye wazo la kwanza.

Kufikia saa 4 nilikuwa nimemaliza rasimu kwa penseli ya buluu hafifu, ambayo skana huweza kuiondoa. Maneno huyaandika kabla ya kuyazungushia viputo, maana kiputo kikitangulia, herufi hubanana. Wino ulinichukua saa mbili.

Saa 8 mchana mhariri alipiga simu: tangazo limeingia ukurasani, kwa hiyo katuni ya kesho itapata theluthi mbili tu za upana wake. Asiyeijua kazi hii ataona kwamba inatosha kuipunguza picha, lakini herufi zikipungua kiasi hicho wino huziba matundu ya a na e, na msomaji mwenye macho dhaifu huiruka katuni nzima. Nilijaribu kukiondoa kisanduku cha tatu kati ya vinne vya katuni, na kichekesho kikafa papo hapo. Kisanduku hicho hakina neno hata moja. Mtoto anamtazama babu yake tu, na kimya hicho ndicho kinacholipa uzito jibu la kisanduku cha nne. Nikakirudisha. Nikapunguza maneno ya babu kutoka 21 hadi 8, nikakata mandhari yote ya nyuma, nikaanza kuchora upya tangu mstari wa kwanza, mkono ukiwa umeshakufa ganzi.

Katikati ya kazi simu ikalia tena: mbona vijipicha vinne vinachukua muda wote huu? Neno hilo liliniuma sana. Mchoraji Mmarekani Charles Schulz alichora katuni ya magazetini ya Peanuts kwa mkono wake mwenyewe tangu 1950 hadi 2000, karibu kila siku, na aliyewahi kutia wino visanduku vya wiki moja tu anaelewa huo ni mzigo wa namna gani.

Sikuitazama saa tena. Nilipotuma faili giza lilikuwa limeshaingia, mgongo ukiniuma, na babu alikuwa na maneno 8 yanayosomeka vizuri. Mtoto bado anamtazama, kimya.