Mwaka wangu wa kujitolea Dresden, na keki iliyonifundisha saa

Kabla sijaondoka kila mtu alikuwa mshauri. Ushauri ulionikera hadi leo ulitoka kwa jamaa aliyewahi kuishi Ujerumani: "Wewe piga Kijerumani ufike B1, kile kiwango cha kati, mengine yatajipa." Nikapiga. Nikatua na cheti changu, kifua mbele. Siku mbili tu kazini, cheti kikaanza kunionea haya.

Nilipangiwa makao ya wazee Dresden, jimbo la Saksonia. Asubuhi ya kwanza nilimpelekea bibi mmoja kahawa, nikamuuliza kwa adabu kama anataka. Akajibu, "Nu." Nikajua amekataa, nikageuka na kikombe changu. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu aligonga meza, ndipo muuguzi akanieleza huku anacheka: kwa watu wa huku, "nu" ni ndiyo. Nimemnyima bibi wa watu kahawa siku mbili nzima, tena kwa heshima zote!

Hicho cha mtoto. Msimamizi aliniambia kikao ni "Viertel drei". Viertel ni robo, drei ni tatu, basi ni tatu na robo. Na sisi tunaohesabu saa tangu macheo lazima tugeuze: tatu yao ni tisa yetu. Nikafika saa tisa na dakika kumi alasiri, najiona mtu wa kuwahi, nikakuta wanakusanya vikombe. Kikao kilianza saa nane na robo.

Nikalaumu kule kugeuza. Wiki iliyofuata nikaacha kabisa kufikiri kwa saa zetu. Safari hii ilikuwa "dreiviertel vier", robo tatu na nne, nami nikaielewa kuwa nne yao na dakika arobaini na tano. Kumbe walinitaka saa kumi kasorobo ya kwetu. Nikatokea karibu saa moja baadaye. Msimamizi hakusema neno, aliniangalia tu. Bora angefoka.

Aliyeniokoa ni yule yule bibi wa kahawa. Alivuta sahani ya keki, akakata vipande vinne. "Kijana wangu, hii ni saa ya tatu. Bado haijatimia, tunaila." Akala robo: Viertel drei. Akala ya pili: halb drei. Ya tatu: dreiviertel drei. Sahani ikibaki tupu, ndiyo tatu kamili. Kwa hiyo Viertel drei ni saa mbili yao na robo, kwa kuwa ya tatu ndiyo kwanza imeanza kuliwa. Tangu siku hiyo nakata keki kichwani kwanza, kisha ndiyo nageuza. Ukianza na kugeuza utapotea kama mimi.

Na jamaa yangu wa B1 asikie hili: kwenye semina za watu wa kujitolea (ukiwa chini ya miaka 27 zinafika siku 25 kwa mwaka) kijana wa Hamburg, Mjerumani wa kuzaliwa, alichelewa kwa "Viertel" hiyo hiyo, maana kwao saa haisemwi hivi. Nilifurahi kupita kiasi.

Mengine yalikwenda. Kujiandikisha makazi usingoje, wanatoa wiki mbili tu tangu uhamie, na karatasi ya mwenye nyumba iwe mkononi. Posho ni ndogo, shika mkono wako. Koti usinunue kabla ya safari. Langu la mtumba nililipatia huko huko kwa bei ya kutupa. Jumapili maduka yamefungwa, nililala njaa mara moja nikakoma. Jua nalo lisikudanganye: Desemba linazama kama saa kumi jioni, Juni saa tatu na ushei usiku.

Mwezi wa mwisho bibi aliniuliza saa. Nikamwambia dreiviertel vier, bila kukata keki yoyote. "Nu," akasema, akasogeza kikombe nimwongezee.