Nimeleta mnyama nyumbani

Hela za korosho za msimu huu zimeishia hapa na sijutii: pikipiki, Suzuki TL1000S ya mwaka 1997. Injini ya cc 996, silinda mbili zimekaa kama herufi V, nyuzi 90.

Mama aliposikia iliitwa "mtengeneza wajane" hakugusa chakula cha usiku. Namwelewa. Zilipotoka zilijulikana kwa usukani kutikisika ghafla kwenye mwendo mkali, mpaka kiwanda kikaongeza kifaa cha kuutuliza. Shokapu yake ya nyuma ya kiwandani nayo ni ya kuzunguka, si ya kupanda na kushuka kama za kawaida. Oili ya ndani ikipata moto, shokapu inalegea. Hii yangu, aliyeniuzia alishaitoa akafunga ya kawaida. Bila hivyo nisingeichukua.

Leo alfajiri nimetoka Shangani, hapa Mtwara, hadi Mikindani. Gia ya pili, nikavuta mafuta kidogo tu: tairi la mbele likawa jepesi, tumbo likanishika. Nikapunguza. Ghuba ilipoanza kuonekana nikasimama, nikazima, nikaisikiliza injini ikipoa, ti, ti, ti, upepo wa bahari ukiipuliza.

Mikono bado inanuka petroli. Mama yangu, helmeti nilivaa, na nimerudi salama.