Kutoka Kisauni hadi ukingoni mwa Chalbi

Tangu nipokee barua ya kuhamishiwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kila niliyemweleza alinipa pole. Wengine walinishauri nitafute muuguzi mwenzangu wa kubadilishana naye. Sikumtafuta. Sasa nipo, na ninaandika mapema, kabla macho hayajazoea.

Kwanza ni ukubwa wa huku. Kaunti ya Marsabit ina karibu kilomita za mraba 71,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785. Mombasa nilikozaliwa ina zaidi ya watu milioni 1.2 kwenye kilomita za mraba zipatazo 220 tu. Nilikuwa nimezisoma hizo takwimu kabla sijaondoka nyumbani, lakini hazikuniingia akilini mpaka basi lilipoipita Laisamis, nikatazama nje muda mrefu bila kuona hata paa moja. Mzee niliyeketi naye, mfanyabiashara wa mbuzi, alinisimulia enzi za kabla ya lami: abiria juu ya lori la ng'ombe, vumbi mpaka kooni, msafara wenye askari wa kuulinda, na siku nzima kupotea gari likivunjika chuma. Akalipiga kofi dirisha kwa furaha. "Sasa binti yangu, unalala Nairobi, unaamkia Marsabit."

Mji wenyewe ulinishangaza. Nilitarajia joto, nikakuta watu wamevaa majaketi na kofia za sufu. Mlima Marsabit umeinuka peke yake katikati ya nyika, unanasa mawingu, na asubuhi ukungu huwa mzito hata huoni lango la jirani. Msituni miti imening'iniwa na nyuzinyuzi za kijivu zinazoishi kwa unyevu wa ukungu huo. Ndimo alimoishi Ahmed, ndovu wa pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, akafa mwaka 1974. Lakini pamoja na mawingu yote hayo yanayogusa mapaa, barabarani punda wanapita na mitungi ya lita 20, na maji yananunuliwa. Hilo sijalizoea, na sidhani inafaa kulizoea.

Kituo changu hakiko mlimani. Ukiteremka kuelekea kaskazini ukungu unaishia ghafla, joto linakupokea, kisha unaiacha lami na kuingia nyika ya mawe meusi ya volkano. Mbele zaidi ndiyo Chalbi, tambarare nyeupe ya chumvi na vumbi iliyowahi kuwa ziwa zamani za kale. Mchana mazigazi yanakuonyesha maji yasiyokuwepo, na ngamia walio mbali wanaonekana wanatembea hewani. Zahanati yetu ni ndogo, katika kijiji cha Wagabra, wafugaji wa ngamia: vyumba vichache, friji ya chanjo inayotumia sola, tangi la maji, na benchi refu kivulini.

Kwenye benchi hilo ndiko nimejifunza zaidi. Hakuna anayeanza na ugonjwa wake. "Nagaa?" mgonjwa ananiuliza, yaani "amani?", nami namjibu "nagaa", kisha tunaulizana habari za watu, za mifugo, za mvua. Baada ya hapo ndipo tumbo au kikohozi kinatajwa. Mhudumu wa afya ya jamii anayenitafsiria, mama wa makamo ambaye namtegemea kwa kila kitu, hakubali niiruke hata hatua moja. Anaponiona nina haraka hunyamaza tu, akanisubiri.

Yeye ndiye aliyenipa maziwa ya ngamia kwa mara ya kwanza, kutoka chombo cha nyuzi kilichosukwa kikabana hata hakivuji. Ladha ya moshi inatangulia. Kama sisi Pwani tunavyofukiza nguo kwa udi, yeye hufukiza chombo kwa kijiti cha moto ili maziwa yakae siku kadhaa bila kuharibika.

Kuna mama mmoja nataka nimkumbuke. Alikuja na mtoto ambaye umri wake umepita kidogo miezi 9, wakati wa chanjo ya surua na rubela. Alifungua pindo la leso, akatoa karatasi ya nailoni iliyofungwa fundo, ndani yake kijitabu cha kliniki, kikavu, bila kona iliyokunjika. Nikakikagua. Chanjo za kuzaliwa zilikuwepo, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 pia, kwa miandiko ya vituo vitatu tofauti. Familia ilikuwa imehama na mifugo, nyumba imebomolewa na kupakiwa juu ya ngamia, ikasimamishwa upya kwa mikono ya huyu huyu mama, na kila walikotua aliulizia zahanati. Katika mafunzo tulizoea kusema kwamba wafugaji ni watu wagumu kufikiwa. Mama huyu alitufikia yeye, kwa miguu, mgongoni mtoto.

Kisha akauliza, kupitia mkalimani wangu: "Mwambie daktari, mvua ya ganna, ile ya masika, ikinyesha tutahama. Ile ya miezi 18 nitaipata wapi?" Mkalimani hakunisubiri. Alimtajia sehemu mbili, kulingana na mvua itakavyoanguka. Niliandika zote mbili kwenye daftari langu, na tangu siku hiyo nawauliza akina mama wote wanatarajia kuhamia wapi. Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliyokosekana, uliwamalizia wengi mifugo yao. Wanaozungumza nami kuhusu mvua wanaihesabu kwa wanyama waliowapoteza.

Mamangu hunipigia mtandao unapopatikana. "Mwanangu, huko hata samaki hakuna?" Samaki wapo Ziwa Turkana, mama, lakini hiyo ni safari nyingine. Ninakula vizuri. Nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kukaangwa, kwa chapati imenikubali.

Kinachoninyima usingizi ni uzazi. Mama akitokwa na damu nyingi usiku, hapa hatuna damu ya kumwongezea, na hospitali ya rufaa iko mjini Marsabit, saa nyingi kwa gari, kama gari lipo. Mvua ikinyesha, Chalbi inageuka tope na magari yanakwama. Kwa hiyo tumeanza kuandika majina ya wajawazito wote wanaokaribia kujifungua: nani atamsindikiza, nani ana jamaa mjini wa kumpokea wiki chache kabla, dereva gani anapatikana. Wawili wameshakubali kupanda mlimani mapema. Watatu bado, kwa sababu hawana wa kuwaachia mbuzi na watoto, na Jumatatu tunakwenda kuongea na wakwe zao.