Msimu wa fomu

Juni 30 mwaka wa fedha unafungwa, na ofisini kwetu hapa Lamu ni fomu za tathmini ya utendaji kazi tu. Lengo langu: kila barua ijibiwe ndani ya siku saba. Sawa. Lakini tangu karani wetu astaafu, nafasi yake haijajazwa. Masjala ni mimi, mapokezi ni mimi, na wa kupanda boti kwenda Mokowe, upande wa bara, kufuata saini ni mimi. Nauli natoa mfukoni. Mshahara nao ungoje Nairobi itume mgao wa kaunti!

Bosi kanipa alama nzuri, Mungu amjalie. Nilipogusia kupandishwa cheo, akaniuliza kama chai imeshakuja.

Kibarua wetu, anayefungua ofisi kila asubuhi, hata fomu hakupewa. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu.