Siku moja maishani mwangu: karani wa uchaguzi kijijini, 9 Agosti 2022

Watu wakijua niliwahi kuwa karani wa uchaguzi swali ni moja tu, "nyinyi huwa mnaibaje?" halafu wanacheka, wanachukua mahamri yao na kwenda zao. Mimi kazi yangu ya kila siku ni kuchoma mahamri barabarani huku Kaloleni, Kilifi, upande wa ndani kule minazi inapoishia na mahindi ya kubahatisha yanapoanzia. Lakini nina cheti cha fomu foo na nilipita intavyuu, kwa hiyo ile Jumanne nilikuwa kwenye meza ya kutambua wapiga kura, mimi na mashine ya KIEMS. Haya, acheni niwaonyeshe tunavyoiba.

Saa tisa na nusu usiku

Niko macho. Sikulala kwa kweli, manake vifaa vililetwa na lori jana yake jioni na tukalala navyo darasani pamoja na askari wawili, mimi juu ya madawati mawili yaliyosogezwa pamoja na leso imekunjwa kuwa mto. Ukutani kuna silabi, ba be bi bo bu. Chai ya rangi bila kitafunio, mchoma mahamri mzima nimesahau kujibebea hata moja.

Saa kumi na moja

Maajenti wa vyama na wagombea wameingia. PO, yaani msimamizi wa kituo, akayapindua masanduku yote sita kila mtu akaona hamna kitu ndani, akayatia sili, na kila ajenti akaandika namba za sili kwenye daftari lake. Kifuniko cheupe rais, bluu gavana, njano seneta, zambarau mwakilishi wa wanawake, kijani mbunge, na ya MCA, mwakilishi wa wadi, ni ile rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo.

Saa kumi na mbili asubuhi

Mlango ukafunguliwa. Laini ilikuwa imeshafika kwenye mbuyu na wa kwanza anasema yuko hapo tangu saa nane usiku. Swali la kwanza kuulizwa na kila mmoja: "Gavana wetu yupo?" Manake jana yake redio zilisema Mombasa na Kakamega uchaguzi wa gavana umeahirishwa kwa sababu karatasi zilichapishwa na makosa, na Mombasa ni hapo chini tu, nusu ya kijiji ina mtu huko. Yupo mama. Yupo baba. Yupo, ingia.

Kazi yenyewe ni hii: leta kitambulisho, weka kidole hapa, picha yako ikitokea maajenti wanaona, nenda kwa mwenzangu upewe karatasi sita. Ukishatumbukiza unapakwa wino kidole kidogo, unarudishiwa kitambulisho, kwaheri. Ukisikia hivyo utadhani ni dakika mbili.

Shida ni kwamba hapa tunajuana wote. Mjomba wangu mwenyewe alikuja mikono mitupu, namwambia lete kitambulisho ananiangalia kama nimemtukana, "wee, mimi nilikubeba kwenda kliniki." Najua mjomba, lakini mashine haikuwepo siku hiyo. Akarudi nyumbani kilomita mbili kukichukua na mpaka leo akinisalimia anaanza na "Karani."

Saa mbili mpaka saa tano ilipita tu. Wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga wanapitishwa mbele, na kuna mtoto mmoja wa kofia ya njano nilimwona mara tatu, kila mara na mama tofauti. Sikusema kitu. Yule mtoto alifanya kazi kuliko mimi.

Saa tano hivi

Hapa ndipo siku iliponiharibikia. Akaingia mzee mmoja, mgema, mimi namwita tsawe japo si babu yangu wa damu, huyu amepanda minazi tangu kabla mama yangu hajaolewa. Kitambulisho kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Nikasema tsawe weka kidole. Akaweka. Mashine ikakataa. Weka kingine. Ikakataa. Vidole vyote kumi nikavimaliza, nikarudi kwenye gumba la kulia, hakuna. Nikamshika mkono nikaugeuza nione, jamani, ile ngozi ilikuwa imelainika yote kama kishikio cha jembe la zamani, hakuna ile mistari yenu, kuna kovu la kisu cha kugemea na sugu tu. Tukaleta maji akanawa, nikamfuta na kona ya leso yangu, tukajaribu tena, ikakataa tena. Na hapo ujue si yeye wa kwanza, akina mama wa kuchoma makaa na kupasua kokoto walikuwa wananisumbua hivyohivyo tangu asubuhi, ila wao kidole cha nne au cha tano huwa kinakubali.

Nje laini imeanza kelele. "Karani amelala!" "Mtoeni huyo, aje anayejua kompyuta!" Na mimi jasho, kibanio cha nywele kimekatika, na tsawe anasema polepole kama vile tuko kwake tunakunywa, "Mwambie hiyo mashine mimi ndiye."

Ikikataa kabisa kuna njia. PO anakuja, tunaingiza namba ya kitambulisho kwenye mashine, jina na picha vikatokea, ni yeye wazi kabisa ila amekonda. Maajenti wakakubali, tukajaza fomu 32A. Kwenye fomu anatakiwa kuweka sahihi, na yeye hajui kuandika, kwa hiyo, sikilizeni hii, akaweka alama ya kidole gumba. Gumba lilelile! Likaacha duara jeusi tupu kama kitumbua kilichoungua na serikali ikaridhika.

Mkaza mwanawe alikuwa nje tayari kumsaidia, sheria inaruhusu, msaidizi anakula kiapo na anamsaidia mtu mmoja tu. Tsawe akakataa, "siri yangu ataipeleka jikoni." Sawa, picha na alama za vyama zipo, akaenda peke yake. Dakika kumi na tano. Mara akatokea na karatasi zote sita zimefunguliwa, amezishika kama karata, "Karani, hivi ndivyo?" Nikafunika macho kwa mikono miwili. PO akapiga ukelele, maajenti wote wamegeuza shingo wanataka kuona, askari anacheka. Tukamrudisha akakunje. Akatumbukiza moja moja kwa kulinganisha rangi, na ile ya MCA ndiyo aliyoisukuma kwa kidole mpaka ndani kabisa. Namwelewa, rais hajawahi kumwona, MCA ndiye anayemdai maji ya bomba.

Alipofika kwenye wino akauliza, "Na hiki nacho kitakataa?"

Baada ya hapo

Saa sijui tena. Nilikula mkate mkavu huku naendelea na kazi, choo nilikwenda mara moja. Saa kumi na moja jioni mlango unafungwa ila aliye kwenye laini anapiga, na huwezi kumfukuza, askari akasimama nyuma ya mtu wa mwisho ndiyo mpaka. Kituo kimoja hakizidi watu 700, ndiyo maana shule ile ilikuwa na vyumba viwili, lakini watu hao ukiwashika vidole mmoja mmoja utajua 700 ni nini.

Halafu ndiyo kuhesabu, na hii sehemu watu wengi hawaijui: kura huhesabiwa palepale darasani, rais kwanza, PO anainua kila karatasi anaionyesha kwa maajenti anasoma jina. Taa ya sola, nzi wa mvua, ajenti mmoja anakoroma na mwenzake anampiga kiwiko. Karatasi moja haikuwa na tiki, imeandikwa MAJI kwa herufi kubwa. Ikaenda kwenye zilizokataliwa, hakuna aliyebisha.

Fomu 34A, ile ya matokeo ya rais, ikajazwa, maajenti wakatia sahihi wakapewa nakala zao, nyingine ikabandikwa mlangoni. PO akaipiga picha kwa KIEMS akatoka nayo mpaka kwenye mbuyu ambako netiwaki hushika, akasimama mkono juu kama anayeomba mvua, mpaka ikaenda. Kufikia asubuhi mtu yeyote duniani mwenye bando angeweza kuifungua karatasi yetu kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi na kujumlisha mwenyewe. Bado zikabaki gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, MCA, kila moja na fomu yake, na mimi nahesabu huku herufi zinaogelea.

Nilifika nyumbani jua limeshatoka, Jumatano. Mama akauliza nani ameshinda, nikamwambia mimi najua chumba kimoja tu. Nikakaa kitandani na viatu. Sijavua hata kimoja, mlangoni hodi.

"Karani! Leo mahamri hakuna?"