Nilivyoacha kupiga mafuta, nikayapitisha kwenye kioo

Mteja aliyenirudishia chupa hakuja kwa ukali. Ni mama wa makamo wa hapa Chake Chake. Alikaa barazani akanyanyua mkono nikaona wekundu kutoka kiwiko hadi kiganja. Alikuwa amefika mwisho wa chupa ya maziwa ya kuchulia ninayotengeneza kwa mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Nikafahamu kabla hajamaliza kusema. Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, yakijitenga huzama. Waliotumia juu ya chupa walipata maji yenye harufu, yeye akapata ule ukali wote uliokaa chini. Nilimrudishia pesa zake na nikasimamisha biashara.

Mwanzo nilidhani sikupiga vya kutosha. Nikapiga kwa blenda mpaka mota ikanuka. Mwalimu mmoja wa skuli ya jirani akaniazima hadubini, na hapo ndipo nilipoyaona matone yangu: mengine kama kunazi, mengine kama ufuta, yamechanganyika. Kesho yake nikatazama chupa ile ile, ufuta umepungua na kunazi zimenenepa. Kiini cha mafuta ya karafuu, yujenoli, huyeyuka kidogo katika maji. Hutoka kwenye matone madogo, hupita majini, huingia kwenye makubwa. Kadiri matone yanavyopishana ukubwa ndivyo makubwa yanavyoyala madogo, na blenda haijui kutoa matone ya ukubwa mmoja.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi: nikayayeyusha mafuta ya makonyo ndani ya mafuta ya nazi kabla ya kugusa maji. Ya nazi hayayeyuki majini, kwa hiyo tone haliwezi kujimwaga lote. Na kipimo nikakishusha, makonyo yasifike hata nusu ya asilimia moja ya chupa nzima. Lakini ukubwa ulibaki kupishana.

Nilikuwa nimesoma kwamba huko Miyazaki, Japani, Nakashima na wenzake katika miaka ya 1980 walitengeneza kioo chenye vitundu kutokana na jivu la volkano liitwalo shirasu. Mafuta yakisukumwa taratibu kupita kioo hicho hutokeza upande wa maji matone yanayolingana, kila moja na upana wa kama mara tatu ya kitundu. Kioo kile sikukipata. Nilichopata, kwa kuagiza Dar es Salaam, ni faneli mbili za maabara zenye kisahani cha kioo cha kuchujia: namba 4, vitundu vyake mikroni 10 hadi 16 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na namba 5, vitundu vya mikroni 1 hadi 1.6.

Maji yenye polisobeti 80, dawa inayosaidia mafuta yashikane na maji, nikayatia juu ya kisahani, na kikorogeo kidogo cha mota ya mdoli kikiyazungusha. Mafuta yakapandia chini, kwa mpira, kutoka chupa niliyoining'iniza kama dripu ya hospitali. Siku ya kwanza niliharibu. Nilitia mafuta kabla ya maji, kioo kikalowa mafuta, na matone yakatoka makubwa yakitambaa juu ya kisahani badala ya kubanduka. Kioo lazima kilowe maji kwanza. Baadaye nikajaribu kilainishi kile cha dawa za nywele, nacho kikaniharibia vile vile: kina chaji chanya, kioo kina chaji hasi, basi hukishika kioo na kukifanya kipende mafuta. Kukisafisha kulinichukua siku mbili za maji ya moto na sabuni.

Namba 4 ilitoa matone hata chupa ikiwa shibiri moja tu juu ya faneli. Yalilingana vizuri, lakini kama mikroni 40. Ya nazi ni mepesi kuliko maji, na baada ya saa moja yote yameelea juu kama tui lililolala. Nikahamia namba 5. Kwa shibiri moja, hakuna kitu. Kwa mita moja, hakuna kitu. Nikapanda juu ya meza nikafunga chupa kwenye boriti, mita mbili, na kisahani kikaanza kutoa jasho jeupe. Nilikaa chini nikatazama tu. Kitundu kikiwa chembamba mara kumi, msukumo wa kulifungua tone la kwanza nao huwa mara kumi. Na bado ni kitu kidogo: mafuta ya mita mbili hayafiki hata moja ya kumi ya upepo uliomo ndani ya tairi la baiskeli.

Shida ikawa mwendo. Kutoka Isha hadi alfajiri nilipata mililita 20 hivi za mafuta ndani ya maji. Kipupwe kilipoingia, mafuta ya nazi yakaganda ndani ya mpira usiku, nikaamka nikakuta uzi mweupe.

Nikageuza njia. Sasa nayapiga kwanza kwa blenda kikorofi, kisha mchanganyiko wote naupitisha kwenye kisahani mara nne. Kwa kuwa sehemu kubwa ni maji, hupita upesi mara nyingi zaidi kuliko mafuta matupu, na kila mara matone yanazidi kufanana. Unga wa zanthani, unaoyazitisha maziwa yasielee, nautia mwisho kabisa. Ukiutia kabla utakaa unangoja hadi Idi. Mafuta nayachuja kwa kitambaa kizito, na baada ya kila pipa dogo nasukuma maji ya moto kinyumenyume, maana vumbi la nazi ndilo linaloziba.

Chupa ya kwanza niliiweka kabatini miezi mitatu. Nikachukua tone la juu na tone la chini, nikayatia chini ya hadubini, nikashindwa kujua lipi ni lipi. Chupa ya pili nilimpelekea yule mama, bila malipo, nikamwomba aanze kwa kupaka kidogo nyuma ya sikio. Aliigeuza juu chini mara mbili, akaitazama kwenye mwanga, akasema ataitumia yote.